Kitalu cha Mama Maundu

Mwaka ule shule zilipofungwa kwa likizo ya Desemba, Mable alishuka kwenye treni pale Taveta akiwa amevaa soksi zilizofika magotini, ingawa joto lilikuwa halivumiliki. Hakutaka mtu aone visigino vyake. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana huko milimani Taita, na tangu aingie pale wenzake walikuwa wakimwita Matope. Jina lilianza kwa mzaha. Aliulizwa kwao wanafanya kazi gani, akajibu kwamba wanalima kwa maji ya mfereji huko Mahoo. Msichana mmoja akatazama nyufa za visigino vyake, akacheka, na bweni zima likacheka. Mable hakulikataa lile jina. Alicheka pamoja nao, kwa sauti kuliko wote, kisha akaanza kulala na soksi.

Baba yake, Obadiah, alifanya kazi katika stesheni ya reli Voi na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama yake, Margaret, ndiye aliyelima. Shamba lao lilikuwa kando ya mfereji: migomba upande wa juu, maharagwe katikati. Upande wa chini, baada ya tuta la udongo, lilianza shamba la Mumbe, mjane wa Kikamba ambaye kila mtu alimwita Mama Maundu kwa jina la mwanawe aliyekuwa Mombasa. Alikuja Mahoo na mumewe kutoka Kibwezi. Mume alipofariki watu walidhani atarudi kwao, lakini alibaki na kulima vitunguu. Mbegu alizichagua mwenyewe kutoka kwa mavuno yake, akazisia kitaluni, na miche ikishapata nguvu akaihamishia shambani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mable alimwogopa kidogo.

Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, na msimamizi wa zamu hizo alikuwa Mzee Silvanus. Mwenye zamu aliinua ubao uliozuia maji, yakaingia kwake; muda wake ukiisha akaurudisha, maji yakaendelea kwa mwingine. Aliyechelewa kufunga, shamba lake lilijaa, na maji yalipokosa pa kwenda yalivunja tuta na kumshukia jirani.

Wiki moja kabla ya Krismasi habari zilikuja kwamba Obadiah ameshikwa na malaria. Margaret akafunga kikapu chake kwenda Voi kumwangalia.

"Maji yetu ni Alhamisi mchana," alimwambia Mable mlangoni. "Ukishakula, fungua. Ukisikia treni ya Voi ikipiga honi kule kwenye mkonge, funga. Usingoje ifike stesheni. Unajua ni kitalu cha nani kilicho chini yetu."

"Najua, mama."

"Utafunga saa ngapi?"

"Treni ikipiga honi."

Margaret alijitwika kikapu, akaenda zake.

Kule dukani, ng'ambo ya barabara, alikuwepo mgeni. Aliitwa Susan, mpwa wa mwenye duka, na alikuwa amekuja kutoka Mombasa kula sikukuu. Alimzidi Mable kwa mwaka mmoja tu, lakini alitembea kama mtu aliyezoea kutazamwa. Mable alipokwenda kununua chumvi, Susan alimshika kichwa bila kuomba ruhusa, akageuza uso wake huku na huku.

"Njoo Alhamisi nikuchome nywele," alisema. "Kitana ninacho."

Hakuna msichana wa aina ile aliyewahi kumwita Mable popote. Alirudi nyumbani akiwa amesahau chumvi, ikabidi aende tena.

Alhamisi alikula mapema, akainua ubao, akayatazama maji yakiingia katikati ya mistari ya maharagwe. Akapiga hesabu zake. Duka lilikuwa karibu. Angechomwa nywele, angerudi, angefunga. Haikuonekana kuwa jambo gumu.

Nyuma ya duka, Susan alikuwa ameshawasha jiko. Kitana cha chuma kilikuwa juu ya makaa, na harufu ya mafuta ya nywele iliyokutana na moto ilijaa uani. Mable alikaa kwenye kigoda, sikio amelikunja kwa kidole lisiungue. Susan alivuta nywele fungu kwa fungu, akizungumza habari za Mombasa, za sinema na za viatu vyenye visigino virefu. Kisha akasimama mbele yake na kioo kidogo.

"Una uso mzuri, wewe," alisema. "Nywele ndizo zilikuwa zinakuficha."

Mable alijitazama. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umelala, laini, unang'aa. Chini yake palikuwa na uso ambao kwa kweli haukuwa mbaya. Ndipo treni ilipopiga honi.

Aliisikia. Ilikuja kutoka kwenye mkonge, ndefu, ikapita juu ya migomba na kuingia uani pale walipokuwa. Miguu yake ilijikaza kusimama.

"Unaenda wapi na nusu kichwa?" Susan aliuliza, kitana mkononi.

"Siendi. Nakaa vizuri tu."

Alijiambia kwamba maji ni ya polepole. Alijiambia kwamba huenda leo treni imewahi. Hata alipokuwa akijiambia hayo alijua si kweli, na bado hakuinuka. Nywele zilipokwisha, Susan alimfunga utepe mwekundu, wakaufungua, wakamfunga wa samawati. Walicheka. Mable alikishika kioo mwenyewe na kujitazama tena na tena. Jambo hili ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote, kwamba kazi ilikuwa imekwisha na yeye akaendelea kukaa.

Alipofika shambani aliona migongo ya watu. Mzee Silvanus alikuwa amekunja suruali hadi magotini, ameshaurudisha ubao mwenyewe. Maharagwe yao yalikuwa ndani ya maji kama mpunga. Tuta lilikuwa limekatika, na mahali palipokuwa na kitalu cha vitunguu palikuwa na bwawa la rangi ya chai ya maziwa. Miche michache ilielea juu, mizizi ikionekana.

"Mtoto wa Obadiah," Mzee Silvanus alisema, akihema, "ulikuwa wapi?"

"Nilisahau."

"Honi hukuisikia?"

Watu wote walikuwa wakitazama nywele zake.

"Sikuisikia," alisema Mable.

Mama Maundu alifika akitoka sokoni Taveta, kikapu kichwani. Alikiteremsha taratibu, akavua viatu, akaingia kwenye matope na kuanza kuokota miche, mmoja mmoja, akiisuuza kwenye maji yaleyale na kuilaza juu ya jani la mgomba. Hakupiga kelele. Mable aliingia pia kumsaidia, na kila alichokishika kilikatika. Baada ya muda mama yule aliinua macho, akamwangalia kuanzia kwenye utepe.

"Umependeza," alisema, akaendelea kuokota.

Jioni ile Mable aliinamia ndoo akajimwagia maji kichwani mpaka nywele zote zikajikunja tena. Haikusaidia kitu. Lile neno moja lilikuwa limeingia ndani na halikutoka.

Margaret aliporudi kutoka Voi, wenye mashamba walikuwa wameshaamua. Zamu za maji za akina Mable zingeenda kwa Mama Maundu hadi atakapootesha kitalu kingine. Ilikuwa haki, hakuna aliyebisha. Lakini maharagwe yaliyopona mafuriko sasa yangekauka kwa kiu.

"Tutakula ndizi," alisema Margaret. Hakumchapa, hakumtukana. Alimuuliza swali moja tu. "Kweli hukusikia?"

"Kweli, mama."

Margaret aliitikia kwa kichwa, akageukia chungu chake. Mable angependa kuchapwa.

Kuanzia siku iliyofuata alijitungia adhabu yake. Aliamka kabla ya mama yake, akaacha chai, akavaa gauni lililochanika kwapani, akashuka kwa Mama Maundu kukiwa bado hakujapambazuka. Alisawazisha tope, akajenga tuta upya, akabeba samadi kutoka mbali. Mama Maundu aliposia mbegu zake za akiba, zile kidogo alizokuwa amezificha ndani ya kibuyu, Mable ndiye aliyekinyunyizia kitalu maji asubuhi na jioni. Hakupumzika kivulini. Akipewa uji, alisema ameshiba. Susan alipompungia mkono kutoka dukani, alitazama chini. Mbele ya kioo cha nyumbani alipita upesi, na akiuona uso wake kwa bahati mbaya aliuambia kimoyomoyo maneno mabaya kuliko Matope.

Kanisani akina mama walimsifu Margaret. Mtoto ameshika adabu, walisema. Tazama anavyojituma. Mable aliposikia alijiona mwongo mara mbili, na kesho yake alifanya kazi zaidi.

Usiku mmoja alimwambia mama yake kwamba hatarudi shule.

"Utafanya nini?"

"Nitakaa nikusaidie. Sistahili kusoma wakati wewe unakosa maharagwe."

"Hayo umeyapata wapi?"

"Nimefikiri mwenyewe."

"Basi hukufikiri vizuri," alisema Margaret. "Lala."

Krismasi ilipita. Miche mipya ilichipuka, myembamba kama uzi, na pamoja nayo ikachipuka ndago, yale magugu yasiyokwisha ambayo yakiwa machanga yanafanana sana na vitunguu. Mama Maundu alikuwa akiyang'oa mwenyewe, jua likiwa juu, akiinama karibu kabisa. Alikuwa amemwambia Mable asiguse kitalu kwa palizi.

Asubuhi moja Mable aliwahi kuliko siku zote. Hakuwa ameweka kitu tumboni tangu mchana wa jana, kichwa kilikuwa kikimzunguka, na giza lilikuwa bado halijaachana na ardhi. Aliona magugu katika kitalu. Akawaza kwamba mama yule akija akute yamekwisha, atafurahi. Alipiga magoti akaanza kung'oa, haraka haraka, machozi yakimdondoka, akijisikia kwa mara ya kwanza kwamba labda sasa analipa. Kulipokucha alitazama lundo lililokuwa kando ya goti lake. Vitunguu vilikuwa vingi kuliko ndago.

Alikuwa bado amepiga magoti pale Mama Maundu alipofika. Safari hii alipiga kelele.

"Toka! Toka ndani ya kitalu changu!"

"Nisamehe, mama, nilitaka—"

"Ulitaka! Nilikuambia usiguse. Nilikuambia kwa Kiswahili, si kwa Kikamba. Kwa nini hunisikilizi?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Wewe hujaja kunisaidia hata siku moja." Mama Maundu aliinua konzi ya miche iliyong'olewa. "Unakuja hapa kujichapa, na fimbo unayojichapia ni shamba langu. Hunywi uji wangu. Huniangalii usoni. Unalia juu ya miche yangu kama uko msibani. Unafikiri nikikuona umekonda vitunguu vyangu vitarudi?"

Mable alijaribu kusimama, akaanguka ubavu kwenye tuta. Mama Maundu alimtazama, akaguna kwa hasira, kisha akamshika kwapani akamkokota hadi mlangoni pa nyumba yake. Alirudi na bakuli la uji wa wimbi.

"Kunywa. Sikuulizi kama umeshiba."

Alikunywa. Uji ulikuwa wa moto, na bakuli lilipofika nusu, maneno yalitoka yenyewe.

"Niliisikia."

"Nini?"

"Honi. Niliisikia ilipolia. Nilisema uongo kwa Mzee Silvanus, na kwa mama."

Mama Maundu alivuta kigoda akaketi. Kuku walikuwa wakipekua lile lundo la miche na hakuwafukuza.

"Kwa nini hukuinuka?"

"Alikuwa ameniambia nina uso mzuri." Mable alisema akitazama bakuli, aibu ikimchoma. "Sikutaka aache."

Mama Maundu alijifunga upya leso kiunoni.

"Kwa hiyo aliyekusifu alikukalisha," alisema hatimaye, "na mimi nisipokusifu unanifuata alfajiri. Wewe mwenyewe uko wapi hapo katikati? Ni nani anayekuamsha asubuhi?"

Mable alitikisa kichwa.

"Nisikilize. Sijakusamehe. Pengine nitakusamehe, pengine nitachoka tu kukasirika, sijui. Lakini machozi yako sina kazi nayo. Utakuja Jumanne na Ijumaa. Utakuja jua limetoka, umekula. Utafanya kazi nitakayokupa, hiyo tu, na ikiisha utaenda nyumbani. Hukai. Hulii. Na leo kabla ya kitu chochote, utaenda kwa mama yako, halafu kwa Mzee Silvanus."

"Nitawaambia nini?"

"Ulichoniambia. Bila kuongeza kwamba wewe ni mbaya. Waambie tu ulichofanya."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kubeba samadi. Mbele ya mama yake alianza, "Mimi ni mtoto mbaya," akajikata, akaanza upya. "Niliisikia honi, nikakaa." Margaret alikuwa akimenya ndizi. Kisu kilisimama.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie." Akaendelea kumenya, na baada ya muda akamsogezea Mable kisu kingine.

Mzee Silvanus alimkemea kwa muda mrefu, huku akimnyooshea kidole, na mwisho akasema zamu ikirudi kwao atakuja mwenyewe kuona nani anayefunga ubao.

Jumanne na Ijumaa zilimshinda mwanzoni, na si kwa sababu ya kazi. Kilichomshinda ni kuondoka. Akimaliza mstari aliopewa, mwili wote ulitaka kuongeza mwingine, ili aonekane, ili moyo utulie kidogo. Mama Maundu alimnyooshea mkono kuelekea nyumbani bila neno. Siku ambazo si zamu yake alikaa na majuto yake bila kitu cha kuyapigia. Yalimkaa kifuani akiosha vyombo, akichanja kuni. Alijipangia mambo madogo. Kunywa chai kila asubuhi, hata kama hana hamu. Kufanya hesabu kabla ya jua kuwa kali, maana hesabu ndizo zilizokuwa zikimwangusha. Kutojitukana mbele ya kioo. Kama hana zuri la kusema, anyamaze. Siku nyingine alivunja yote matatu. Kesho yake alianza tena, na hakumwambia mtu.

Mwaka mpya ulipoingia, Susan alikuja mpaka shambani, akitembea kwa ncha za viatu.

"Jumamosi kuna muziki kwa mjomba. Tutapiga santuri. Njoo mapema nikutengeneze."

Mzee Silvanus alikuwa amewapangia siku mpya, na Jumamosi hiyo ndiyo siku ambayo maji yangerudi kwao kwa mara ya kwanza. Mable alitamani kwenda.

"Jumamosi nina maji," alisema.

"Si mama yako yupo?"

"Yupo. Lakini ni zamu yangu mimi."

Susan alicheka. "Haya, kaa na matope yako."

Lile jina lilimpata palepale lilipozoea kumpata. Alingoja kicheko chake mwenyewe kitoke, kile cha kuwashinda wote kwa sauti, na kikakosa kuja. "Ni yangu kweli," alisema. Susan alimtazama kama mtu aliyekosea ngazi gizani, akageuka akaenda. Hawakuzungumza tena likizo ile, na Jumamosi Mable aliusikia muziki kwa mbali akiwa amesimama kando ya ubao na Mzee Silvanus, na roho ilimuuma.

Kitalu cha pili kilitoa miche michache. Vitunguu vya Mama Maundu vingechelewa, vingekuja kukomaa wakati kila shamba lina vitunguu, na kazi ile yote haingempa alichotarajia. Maundu, aliyekuwa amengojea msaada wa mama yake ili aoe, aliahirisha harusi. Mable alijua hayo yote. Hakukuwa na Jumanne wala Ijumaa ambazo zingeyabadilisha.

Siku moja kabla ya kusafiri alikwenda kuaga. Mama Maundu alikuwa akitengeneza mpini wa jembe.

"Aprili nitachagua mbegu," alisema bila kuinua kichwa. "Ni kazi ya macho na subira. Ukitaka, njoo."

"Nitakuja."

"Usiniahidi mimi. Utakuja au hutakuja, nitaona."

Treni ilimfikisha Voi, na baba yake alimpokea stesheni. Homa ilikuwa imemwacha na mashavu yaliyobonyea. Walikaa kwenye benchi la hoteli ndogo karibu na soko wakingoja basi la milimani, chai na mandazi mbele yao.

"Mama yako alinieleza," alisema Obadiah. "Lakini nataka kusikia kwako."

Mable alimweleza, tangu mwanzo, bila kuruka alipokaa na bila kujiita jina lolote. Sauti ilimtetemeka mahali pamoja tu, alipofika kwenye harusi ya Maundu. Obadiah alikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa.

"Ni jambo zito," alisema.

"Najua, baba."

"Bado linakuuma?"

"Linauma. Kuna siku linauma sana."

Obadiah aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia kwamba litapita. Alimsogezea sahani, Mable akachukua andazi akala, kisha akachukua la pili. Basi lilipofika, utingo alitaka kumpandishia sanduku. Mable alilikamata upande mmoja, baba yake upande wa pili, wakalipandisha. Alipata nafasi dirishani. Kabla basi halijaondoka alikuwa ametoa kitabu chake cha hesabu, akakifungua mahali alipokuwa ameachia, na kwa sababu swali lilikuwa gumu, alilisoma tena.